Ushuru wa Ploti Upigiwe Hesabu Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Kila Juni, bajeti inaposomwa bungeni, wenye nyumba za kupangisha nchini Kenya hutega sikio wasikie jambo moja tu: kiwango cha ushuru kimepanda au kimeshuka? Sheria ya Fedha ya 2023 iliwapa jibu la kuwapendeza. Kuanzia Januari 1, 2024, ushuru wa kodi za nyumba za makazi ulishuka kutoka asilimia 10 hadi asilimia 7.5, na wengi wakashusha pumzi. Naona kiwango kinapewa uzito usiostahili. Mwenye ploti wa kawaida, yule mwalimu au muuguzi aliyejenga vyumba kumi kwa mkopo, hupoteza pesa nyingi zaidi kwa kutopiga hesabu mapema kuliko anazopoteza kiwango kinapoongezwa pointi mbili. Na hesabu hiyo ina wakati wake: kabla ya kununua kiwanja, kabla ya kutia sahihi fomu ya mkopo, kabla ya lori la kwanza la mawe kumwaga mzigo. Jengo likishasimama, mengi yameshaamuliwa, na mwenyewe hata hakujua kwamba palikuwa na uamuzi.

Sheria yenyewe si ngumu kueleza. Tangu Januari 2016, mkazi wa Kenya anayepokea kodi za nyumba za makazi hutozwa ushuru juu ya kodi yote aliyokusanya, bila kuondoa gharama yoyote. Leo mpango huu unamhusu anayepata zaidi ya Sh288,000 kwa mwaka na asiyezidi Sh15 milioni. Anawasilisha ripoti kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) na kulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hata vyumba vikikaa vitupu mwezi mzima, ripoti ya sifuri inatakiwa. Ushuru huo ukishalipwa, mambo yamekwisha, kodi hizo haziingizwi tena katika hesabu ya mwaka. Wengi wanaishia kujua hapo. Lakini sheria hiyohiyo inampa mwenye nyumba ruhusa ya kumwandikia Kamishna kwamba hautaki mpango huo, akahamia hesabu ya kawaida ya mwaka. Huko anaondoa riba ya mkopo, ukarabati, bima, ada za ardhi za kaunti na malipo ya ajenti, kisha faida inayobaki ndiyo inayotozwa, kwa viwango vinavyoanza asilimia 10 na kufika asilimia 35. Njia zipo mbili. Moja inatangazwa kwenye kila bango, nyingine imejificha katika sharti la kifungu.

Chukua ploti ya vyumba kumi, kila kimoja Sh9,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh1,080,000. Tuseme gharama za kawaida, yaani rangi, mabomba, msimamizi, taa za nje, gari la kunyonya maji taka na ada za kaunti, zinakula Sh162,000. Aliyejenga kwa pesa zake, bila deni, atalipa asilimia 7.5 ya kodi yote, ambayo ni Sh81,000. Kama ameajiriwa na mshahara wake umeshafika kwenye daraja la asilimia 30, hesabu ya mwaka ingemtoza asilimia 30 ya Sh918,000, yaani zaidi ya Sh275,000. Huyu hana haja ya kufikiria mara mbili. Jirani yake ana ploti kama hiyo, wapangaji walewale, mshahara uleule, ila amekopa Sh5 milioni kwa riba ya asilimia 16 zilipwe kwa miaka 15. Kila mwezi anapeleka benki takriban Sh73,400, na katika mwaka wa kwanza karibu Sh794,000 za malipo hayo ni riba tupu. Akiondoa gharama na marejesho ya mkopo anabaki na Sh37,000 hivi za mwaka mzima. Ushuru wa Sh81,000 unapokuja, anachomoa mshahara wake kuufidia. Kwa hesabu ya mwaka, faida yake ya kutozwa ushuru ni Sh124,000 na ushuru ni Sh37,200, na mwaka wake unaisha akiwa hajapata wala hajapoteza. Tofauti kati ya njia hizo mbili inakaribia Sh44,000, takriban kodi ya miezi mitano ya chumba kimoja, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Kanuni inayotoka humo ni rahisi kushika. Asilimia 7.5 ni robo ya asilimia 30. Kwa hiyo mwenye nyumba aliye kwenye daraja la asilimia 30 anafaidika na mpango wa kila mwezi mradi robo au zaidi ya kodi zake inabaki baada ya gharama na riba. Inapobaki chini ya robo, hesabu ya mwaka ndiyo nafuu. Na hali hiyo haikai palepale. Riba hupungua jinsi deni linavyolipwa. Katika mfano huu, hata kodi zisipopanda shilingi moja, mizani inageuka mwaka wa nane. Mkopaji makini angeanza na hesabu ya mwaka, akajua tangu siku ya kwanza kwamba baadaye huenda akahitaji kurudi kwenye mpango wa kila mwezi, na akamuuliza mtaalamu wa ushuru namna ya kurudi kabla hajatoka. Hapa pia ndipo kosa moja la mara kwa mara huingia: watu huondoa malipo yote ya mkopo. Kinachoondolewa ni riba pekee. Mtaji unaorejeshwa si gharama, wala mawe na mabati yaliyosimamisha jengo si gharama ya mwaka.

Atatokea wa kuniambia kwamba hesabu hizi ni za watu wa rehani, ilhali mikopo ya rehani nchini kote ni takriban 30,000 tu. Ni kweli, na ndiyo maana jambo hili linaniuma zaidi. Wengi wanaojenga ploti hukopa Sacco, au huchukua mkopo wa mshahara, na pesa zikaenda kwenye ujenzi kimyakimya. Fomu ya mkopo imeandikwa karo au maendeleo. Pesa zimeingia kwenye zege la ghorofa ya kwanza. Riba huondolewa pale tu mwenyewe anapoweza kuonyesha kwamba mkopo ndio uliozaa mapato hayo. Aliyepitisha pesa kwenye akaunti ileile anayopokelea mshahara, anayolipia karo na kununulia unga, atapata taabu kuonyesha lolote. Aliyeandika lengo halisi kwenye fomu, akafungua akaunti moja ya ujenzi na kuwalipa wenye duka la vifaa na mafundi kutoka akaunti hiyo, amejipatia ushahidi bila gharama yoyote. Tofauti kati yao ni asubuhi moja benki, kabla ya ujenzi.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la risiti. Tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliwi kuondolewa. Fundi wa bomba anayekuja kwa bodaboda na mfuko wa vifaa hatoi ankara hiyo, na mwenye mkokoteni wa mchanga hatoi. Basi, watu wanasema, hesabu ya mwaka ni ya matajiri wenye wahasibu. Nakubali kwamba sharti hilo limewafungia nje wengi, na Bunge lingefanya vyema kuliangalia upya kwa kazi ndogondogo za mafundi. Hata hivyo, gharama kubwa kuliko zote kwa mwenye deni ni riba, na riba imeachwa nje ya sharti la eTIMS. Taarifa ya mkopo kutoka benki inatosha. Katika mfano wetu, mwenye ploti akikosa risiti zote za mafundi na kupoteza Sh162,000 nzima za gharama, faida yake inakuwa Sh286,000 na ushuru unafika karibu Sh86,000. Hapo mpango wa kila mwezi unakuwa nafuu kwa Sh5,000 hivi. Akiwa na ankara za gharama chache tu, rangi na ada za kaunti kwa mfano, mizani inamrudia. Haihitaji mhasibu. Inahitaji faili na mtu wa kulitunza.

Kuna kundi jingine linaloumizwa na mpango huu bila kujua, nalo ni la wadogo kabisa. Wengi huamini kwamba anayepata chini ya Sh288,000 kwa mwaka hadaiwi ushuru wowote wa kodi za nyumba. Sheria haisemi hivyo. Inasema kwamba huyo hayumo katika mpango wa asilimia 7.5, kwa hiyo mapato yake yanaingia katika ripoti ya mwaka pamoja na mapato mengine. Mstaafu asiye na kipato kingine haumii, kwa sababu nafuu ya ushuru ya Sh28,800 kwa mwaka inafuta deni lake lote. Mwalimu mwenye mshahara anaumia. Akipokea Sh20,000 kwa mwezi kutoka vyumba vitatu, akaondoa asilimia 15 ya gharama, anatozwa asilimia 30 ya Sh204,000, yaani Sh61,200. Mwenzake anayepokea Sh25,000 kwa mwezi, kwa kuwa amevuka mstari, anatozwa Sh22,500. Anayepata zaidi analipa kidogo kuliko anayepata haba. Sidhani kwamba mtunga sheria alikusudia hivyo, lakini hivyo ndivyo ilivyo, na anayepanga kujenga vyumba vitatu leo akiongeza kimoja mwaka kesho anapaswa kujua kwamba chumba hicho cha nne kinaweza kumpunguzia ushuru. Vilevile, anayepanga kuweka maduka mbele na vyumba nyuma, kama ilivyo desturi ya ploti nyingi za kando ya barabara, ajue kwamba maduka hayamo katika mpango wa asilimia 7.5, na kodi za biashara zikifika Sh5 milioni kwa mwaka, VAT ya asilimia 16 inabisha hodi.

Hasara kubwa kuliko zote, hata hivyo, husubiri siku ya kuuza. Ushuru wa faida ya mtaji ulisimamishwa 1985, ukarudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 1, 2023 ni asilimia 15. Unatozwa juu ya tofauti kati ya bei ya kuuza na gharama zote za kupata na kuboresha mali: bei ya kiwanja, ushuru wa stempu, wakili, ujenzi, ghorofa iliyoongezwa, kisima kilichochimbwa. Tuseme kiwanja kilinunuliwa Sh1.2 milioni, ujenzi ukala Sh5.5 milioni, na ada za wakili, stempu na michoro zikawa Sh300,000. Ploti inauzwa Sh12 milioni. Mwenye karatasi zote ana faida ya Sh5 milioni na analipa Sh750,000. Aliyebaki na mkataba wa kununua kiwanja peke yake anaonekana kupata faida ya Sh10.8 milioni, na ushuru wake ni Sh1,620,000. Sh870,000 zimekwenda kwa kukosa karatasi, kiasi kinachotosha kuezeka jengo upya. Na karatasi zenyewe hupotea kirahisi mno. Risiti ya mashine ya duka la simiti hufifia. Ikikaa kwenye dashibodi ya gari miezi sita, kilichobaki ni ukanda mweupe. Ipigwe picha siku hiyohiyo, iandikwe nyuma kwa kalamu ilinunua nini, ihifadhiwe pamoja na hatimiliki. Matengenezo madogo ni gharama ya mwaka, lakini kila kinachoongeza jengo kinangoja siku ya kuuza, hata kama ni baada ya miaka 20.

Upande wa pili, sheria ina milango ya nafuu ambayo watu hupita bila kuiona. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza haitozwi ushuru wa faida ya mtaji. Ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi Sh3 milioni haitozwi, wala shamba la chini ya ekari 50 lililo nje ya miji. Uhamisho kati ya mume na mke hautozwi. Na mali ya marehemu ikiuzwa au kuhamishwa ili kugawa urithi haitozwi, mradi shughuli ikamilike ndani ya miaka miwili tangu kifo, au katika muda zaidi ambao Kamishna ameruhusu kwa maandishi. Hapo ndipo familia zetu zinapoteleza. Mzee anazikwa, matanga yanakwisha, na suala la mirathi linaahirishwa kwa sababu kulitaja mapema huonekana kama tamaa. Miaka sita inapita, vijana wanapata mnunuzi, na nafuu imeshatoweka. Heshima kwa marehemu haizuii kufungua faili la mirathi mahakamani katika mwaka wa kwanza. Nathubutu kusema kwamba inadai hivyo.

Walio ng'ambo wana hesabu yao. Mpango wa asilimia 7.5 ni wa wakazi. Asiye mkazi kwa mujibu wa sheria ya ushuru hukatwa asilimia 30 ya kodi yote, na anayepaswa kuikata ni yule anayemlipa. Mkenya anayefanya kazi Doha au Dallas na kujenga Kitengela anapaswa kujua kwanza yuko upande gani. Mwenye makao ya kudumu Kenya aliyefika nchini hata kwa likizo fupi katika mwaka huo huhesabiwa mkazi. Asiye na makao hayo huhesabiwa siku zake. Kwa ploti ya mfano wetu, tofauti ni kati ya Sh81,000 na Sh324,000. Swali hilo linastahili kujibiwa kabla ya kumtumia ndugu pesa za kwanza za kiwanja.

Nimesikia pia hoja ya wale wanaosema hawalipi kwa sababu hawaoni wanacholipia. Barabara ya kwenda kwenye ploti wameitia kokoto wenyewe, maji wamechimba wenyewe, na ulinzi wanalipa wenyewe. Hasira hiyo ni ya haki, na Juni 2024 nchi nzima ilishuhudia ilivyo kubwa pale Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya maandamano yaliyomwaga damu. Sitamwambia mtu yeyote anyamaze. Ila asiyelipa haiadhibu serikali, anajifunga mwenyewe. Kodi zisizoripotiwa hazihesabiki benki anapoomba mkopo wa ploti ya pili. Ushuru uliochelewa huongezewa adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi, na deni la miaka mitano linapodaiwa kwa mkupuo, huwa wakati huo mwenye nyumba amestaafu na hana mshahara wa kulifidia. Mita za umeme zina majina, kodi zinalipwa kwa simu, na kila muamala umeandikwa mahali. Anayeilipa serikali kile hasa inachodai, akiwa na karatasi mkononi, ana nguvu zaidi ya kuidai barabara kuliko anayejificha.

Wengine wanasema mzigo wote huu humshukia mpangaji. Kwa kiasi fulani, ndiyo, hasa penye uhaba wa nyumba. Lakini kodi ya chumba huamuliwa zaidi na bei za mtaa: anayetaka Sh10,000 penye vyumba vya Sh9,000 atakaa na milango iliyofungwa, na chumba kitupu kwa miezi miwili kinapoteza Sh18,000. Mwenye nyumba aliyepiga hesabu tangu mwanzo, akajua kwamba baada ya marejesho ya mkopo na ushuru ploti yake haitamwachia kitu miaka ya kwanza, hakopi kupita kiasi, na hana sababu ya kumfuata mpangaji kila Januari na nyongeza.

Wajibu si wa mwenye nyumba peke yake. KRA inapomsajili mtu kwa ushuru wa kodi za nyumba, ukurasa huohuo umwonyeshe njia zote mbili na umruhusu kuchagua palepale, badala ya kumwachia agundue mwenyewe kwamba barua kwa Kamishna ingemwokoa. Na Bunge liondoe dosari ya Sh288,000: mwajiriwa anayepata chini ya kiasi hicho apewe hiari ya kulipa asilimia 7.5 kama mwenye ploti kubwa kuliko yake. Mabadiliko hayo yanahitaji aya moja katika Mswada wa Fedha ujao, na mbunge yeyote mwenye wapigakura waliojenga Ruiru, Kitengela au Mtwapa anaweza kuyawasilisha.